Matundu Manane

"Mama, sogea kushoto kidogo. Hapo hapo. Sasa cheka."

"Nicheke nini, mwanangu?"

"Basi tabasamu tu. Wakubwa wanapenda kuona mtu amefurahi."

Mkaguzi alirudi nyuma hatua mbili, simu juu, mpaka kisigino chake kikaingia kwenye beseni la kufulia. Alitaka vitu vitatu viingie kwenye picha moja: mwenye nyumba, taa inayowaka mlangoni mchana kweupe, na paneli mbili za sola juu ya bati. Mwenye nyumba alisimama kwa mguu mzima, ule mbovu ameuficha nyuma ya gauni, akatabasamu. Wala halikuwa tabasamu la kuombwa. Mwanamke yule alikuwa na furaha ya kweli, na hiyo furaha ndiyo iliyomchoma mdogo wake aliyekuwa juu ya paa, spana mkononi, akijifanya anakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Huyo mdogo wake mtaa mzima ulimwita Ngazi. Mrefu, mwembamba, na popote umwonapo ana ngazi begani, hata watoto walidai analala nayo. Alikuwa fundi wa sola kwa mkandarasi mmoja mwenye gari jeupe na maneno matamu. Serikali ilikuwa imeanzisha mfuko wa ruzuku: mtu wa kipato cha chini akifungiwa sola nyumbani kwake, mfuko unalipa karibu gharama yote. Mkandarasi anafunga, mkaguzi anapiga picha, fundi na mwenye nyumba wanatia sahihi, hela inakwenda moja kwa moja kwa mkandarasi. Mpango mzuri kabisa. Waliokaa wakaupanga walifikiria kila kitu, wakamsahau mkandarasi.

Maana paneli zilikuwa mbili tu. Zilifungwa kwa mshona viatu, zikapigwa picha, zikashushwa. Zikafungwa kwa mjane muuza mkaa, zikapigwa picha, zikashushwa. Moja ilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye kona, na mkwaruzo ule ulitokea kwenye picha za nyumba kumi na moja bila mtu kuuona, au aliyeuona alipewa sababu ya kutouona. Siku mbili baada ya kila picha, Ngazi alirudi na ngazi yake na maneno yale yale: "Tunazipeleka kwa marekebisho. Siku tatu tu." Nyumba ya kwanza aliyasema akiyaamini, kwa kuwa na yeye aliambiwa hivyo hivyo. Nyumba ya pili aliyaamini nusu. Kuanzia ya tatu hakuyaamini tena, lakini sahihi yake ilikuwa imeshakaa kwenye fomu, na wanawe walikuwa wanakula.

Ya kumi na mbili ilikuwa hii ya dada.

Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimlea kwa cherehani. Kila shati alilovaa Ngazi mpaka anaoa lilipita chini ya sindano ile, na hata kuandika alimfundisha yeye, jioni, kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limevimba, na cherehani ya kukanyaga haimhurumii mwenye goti bovu. Akishona sketi moja anapumzika, akishona ya pili analia. Ngazi alikuwa amenunua kimota kichakavu kwa wauza vyuma, akakifungua, akakisafisha, akakifunga kwenye gurudumu la cherehani. Kilichobaki ni umeme tu, na nguzo za umeme ziliishia mtaa wa pili.

Kwa hiyo alikuwa amemwendea mkandarasi mapema. "Bosi, hii ni ya dada yangu wa damu. Hii ibaki."

Mkandarasi akampiga kofi la kirafiki mgongoni. "Ngazi, mimi si mnyama. Ya dada yako inabaki."

Basi Ngazi akatoboa bati kwa moyo mweupe. Matundu manane, manne kwa kila paneli, yamepangwa sawasawa kwa rula. Hakuwahi kutoboa paa kwa uangalifu kama ule. Ila dada alipotabasamu mbele ya simu, aliwakumbuka wale kumi na moja waliotabasamu kabla yake.

Siku mbili nyumba ile ilikuwa na raha. Kimota kilinguruma tangu asubuhi, dada ameketi ameunyoosha mguu wake kwenye kigoda, anaimba nyimbo za kale akiruka maneno asiyoyakumbuka. Akaichukua kazi aliyokuwa anaikataa miaka miwili: sare za shule, sketi sitini na mashati sitini, kitambaa chote kikaletwa kikajaza kitanda.

"Goti limepata likizo," alimwambia Ngazi alipopita kumjulia hali. "Naogopa tu lisije likazoea."

Wakacheka wote wawili. Ngazi alikwenda nyumbani siku hiyo akijiona mtu.

Siku ya tatu simu ikaita. "Ngazi, zile za dada yako nazihitaji. Mkaguzi yuko mtaa wa juu kesho kutwa."

"Bosi, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, nani amekataa? Mzigo mpya haujafika, nifanyeje? Ukifika, wa kwanza dada yako."

"Bosi, yule ndiye aliyenilea."

Mkandarasi akaongea kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliotisha. "Ngazi, hizi sahihi kumi na mbili kwenye fomu ni za nani? Zangu? Mimi hata paa sijawahi kupanda. Fikiria watoto wako."

Alifikiria watoto wake. Alifikiria na mambo mengine, nyumba kumi na moja na watu wake, na akajiambia kwamba safari hii atakataa, potelea mbali. Alijiambia hivyo usiku kucha. Asubuhi akabeba ngazi akaenda.

Kimota kilikuwa kinanguruma. Dada alipomwona mlangoni akakizima.

"Vipi, mdogo wangu, mbona na ngazi?"

"Tunazipeleka kwa marekebisho, dada. Siku tatu tu."

Maneno yalitoka laini, hayakukwama hata kidogo. Mdomo ulikuwa umeyazoea. Dada alimtazama kidogo, kisha akainuka, akachechemea mpaka nje, akaishika ngazi kwa mikono miwili isiteleze, kama alivyozoea kuishika tangu kijana huyu alipoanza kazi ya kupanda juu.

"Umesema siku tatu?"

"Tatu."

"Haya. Na hizo nati zitie kwenye mkebe huu, zisije zikapotea. Utazihitaji ukirudi."

Akampandishia mkebe. Ngazi aliupokea bila kutazama chini. Nati ziliingia moja moja na kila moja ililia kwenye bati la mkebe, na dada chini anasikia, ngazi ameishika.

Siku tatu zikapita. Wiki ikapita. Ngazi alizunguka njia ya mbali asipite mlangoni. Mwenye kazi ya sare akaja mara mbili, mara ya tatu akaja na mkokoteni, akakibeba kitambaa chake chote pamoja na sketi tisa zilizokwisha. Dada hakugomba. Alimwambia tu asikunje zile sketi vibaya.

Kesho yake akamwita Ngazi. "Nimesikia mfuko una ofisi yake mjini. Nipeleke."

"Dada, mguu wako..."

"Ndiyo maana nakuita wewe."

Angekataa kwa lipi? Alimpeleka. Wakapanga foleni tangu saa mbili, dada amekalia kopo la rangi lililogeuzwa, Ngazi amesimama nyuma yake. Alikuwa na muda wa kusema. Kwa saa tatu nzima alikuwa na muda wa kuinama sikioni pake na kusema, dada, turudi nyumbani, mwizi ni mimi. Badala yake alimnunulia chupa ya maji.

Karani alikuwa binti mpole mwenye miwani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia sola yangu. Ilichukuliwa kwa marekebisho, haikurudi."

Karani akabofya, akasoma, akabofya tena. "Lakini mama, hapa unaonekana umeshapata. Ruzuku yako imelipwa yote." Akakigeuza kioo cha kompyuta. "Huyu si wewe?"

Alikuwa yeye. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mbele ya mlango wake, taa inawaka mchana, anatabasamu.

"Ni mimi," alisema dada. "Siku hiyo nilifurahi sana."

Karani akashusha sauti. Alieleza kwamba si mama wa kwanza kuja na shida hiyo, na kwamba jina likishaingia kwenye orodha ya waliopata, mwenyewe hawezi kuomba tena. Njia ilikuwa moja tu. Aliyefunga na kufungua akijulikana, kesi inafunguliwa, jina la mama linafutwa kwenye orodha, anaomba upya na anapewa kwanza.

"Sahihi ya fundi ipo hapa, ila aliyejaza fomu hakuandika jina wala namba ya simu, na mkandarasi anadai alikuwa kibarua tu asiyemjua. Tukimpata huyu, mama, mambo yako yamekwisha. Unamfahamu?"

Dada akaisogelea kompyuta. Ile sahihi aliitazama kwa muda. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa kupita kiasi, na mkia wake umerudi nyuma ukapita chini ya nyingine zote. Mkia ule alijaribu kuukomesha zamani, jioni baada ya jioni, chaki mkononi, akimwambia mtoto aliyekaa sakafuni aache mbwembwe, aandike kama watu. Mtoto hakusikia.

Ngazi aliona mgongo wa dada yake ukinyooka. Alifungua mdomo. Ilikuwa ni sasa, na alijua ni sasa, na karani alikuwa mpole, na mlango ulikuwa hatua nne nyuma yake. Mdomo ulikaa wazi kama wa mtu anayetaka kupiga chafya, kisha ukajifunga wenyewe.

"Simfahamu," alisema dada. Hakugeuka. "Alikuja mtu ana ngazi. Akaondoka na ngazi yake."

"Hata sura, mama?"

"Macho yangu mabovu, mwanangu. Ni haya mambo ya kushona gizani."

Karani akamtazama Ngazi juu ya miwani. "Na wewe kaka, uko na mama?"

"Amenisaidia kutembea tu," dada akajibu kabla yake. Akashika kingo za meza akainuka peke yake, ijapokuwa mkono wa mdogo wake ulikuwa umeshanyooshwa.

Walipofika nyumbani, dada alikifungua kimota kwa bisibisi, akakifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi.

"Kauze. Una watoto."

"Dada, naomba nikwambie..."

"Usiniambie. Nikishaambiwa nitakuwa najua, na wakija kuniuliza tena itabidi niseme uongo. Nimeshasema mmoja leo. Huo unatosha."

Ngazi alikaa wiki tatu bila kufika kule. Alifunga na kushusha paneli kwenye nyumba mbili zaidi, hilo lazima lisemwe, maana asije mtu akadhani aliacha. Halafu mawingu yakaanza kujikusanya. Alikumbuka matundu manane aliyoyapanga kwa rula, na chini yake kitanda cha dada, meza ya dada, cherehani ya dada. Mkandarasi hakuwa akitoa hela ya kuziba, kwa kuwa matundu hayaonekani kwenye picha. Ngazi alinunua kopo la lami kwa hela yake, akachukua kijiti cha kupakia, akabeba ngazi.

Alifika jua likiwa bado linawaka, kabla mawingu hayajalifunika. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, miale minane ilikuwa imeshuka kutoka paani, na madoa yake manane yamelala sakafuni, manne na manne, sawasawa. Dada alikuwa ameisogeza cherehani katikati ya chumba, mahali ambapo haijawahi kukaa, mpaka doa moja likaangukia penye sindano. Alikuwa anarudishia kiraka kwenye suruali ya mtu, anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, polepole. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye kigoda.

"Hodi."

"Karibu."

"Nimekuja kuziba, dada. Mvua inakuja."

"Ziba." Hakuinua uso. "Hili la hapa liache. Ndilo natungia uzi."

"Litavuja."

"Nitaweka sufuria."

Ngazi akaisimamisha ngazi ukutani. Alingoja kidogo, bila kujua anangoja nini. Hakuna aliyetoka kuishika. Akapanda.

Aliziba la kwanza, la pili, la tatu. Bati lilikuwa limeanza kupata moto chini ya magoti yake, na kwa mbali radi ilikuwa inanguruma kidogo kidogo. Kila alipoziba, doa moja lilizimika mle ndani. Alipomaliza la saba akasogea kwenye lile la nane, akainama, akaweka jicho. Aliona kichwa cha dada yake kutoka juu, njia ya katikati ya nywele imekuwa pana na nyeupe, na vidole vyake viwili vimeshika ncha ya uzi, vinatafuta tundu la sindano, vinakosa, vinaulowesha uzi mdomoni, vinatafuta tena. Alitaka kumwita. Alikuwa na neno moja tayari, lile dada la tangu utotoni, limefika kabisa kwenye ulimi.

Vidole vikasimama.

"Fundi," dada alisema kutoka chini, kwa heshima kabisa, kama anavyosemeshwa mtu aliyekuja kazini. "Samahani. Unanizibia mwanga."

Ngazi akasogea pembeni.