Risasi za Kaka

"Jiwe la mizani halisemi uongo, Shangazi," fundi alisema kwa mara ya tatu, na hapo ndipo alipokosea.

Aliliweka lile la gramu hamsini kwenye ncha ya kibonyezo cha piano, kikashuka taratibu, kama inavyotakiwa. Cha pili, cha tatu, vyote sawasawa. Ilikuwa piano ile ile kubwa ya miguu mitatu iliyojaza sebule ya shangazi yake tangu fundi akitambaa. Miaka ishirini iliyopita ilifumuliwa na kuundwa upya na marehemu baba yake fundi, ambaye watu wote walimwita Sikio. Kwake fundi alirithi kazi, sanduku la vifaa, mawe ya mizani na ubishi. Ubishi aliuchukua wote, hakubakisha hata chembe.

"Jiwe lako halina vidole," Shangazi alijibu. "Mimi ninavyo kumi, na vyote vinauma. Nyimbo za polepole naziweza. Za haraka, mistari miwili tu mikono inagoma. Mwanangu, safari hii ikishindikana, nafunga kifuniko, siigusi tena."

Sebule ile bila piano? Jioni zote za utoto wa fundi zilikuwa hapo: yeye chini ya piano na mwanasesere, juu vidole vya Shangazi vikikimbia, na baba mlangoni akisikiliza mpaka chai ikapoa mkononi. Jamani, raha ile! Hata harufu ya nta ya mbao aliikumbuka.

Basi akauvuta nje mtambo mzima wa vibonyezo na nyundo zake, akaulaza juu ya meza ya kulia. Alipong'oa kibonyezo kimoja na kukigeuza ubavu, akaona vipande vya risasi, ile madini nzito, vimezamishwa kwenye mbao, upande wa kidole. Vitano. Kwa kawaida huwa viwili, vikizidi sana vitatu. Akang'oa kingine: vitano. Lo!

Sasa akaelewa, na ngoja nawe nikueleze. Sikio alifunga nyundo mpya, zile za sufi zinazogonga nyuzi, nene kupita kiasi. Vibonyezo vikawa vizito, naye akavisawazisha kwa kutia risasi upande wa pili, ule wa kidole. Ni pembea ya ubao iliyokaliwa na wanene wawili: imetulia kabisa, lakini hebu jaribu kuichezesha upesi, uone jasho litakavyokutoka. Jiwe la mizani hushuka polepole, kwa hiyo haliwezi kuugundua uzito huo. Kidole kinachokimbia ndicho kinachoujua.

Fundi akaketi. Baba? Yule yule aliyemfunza kupima mara mbili? Ilimuuma, na machozi yakamlengalenga.

"Shangazi, ilianza kuwa nzito lini?"

Shangazi akatazama dirishani. "Tangu siku alipomaliza."

"Miaka ishirini! Na hukusema?"

"Ningesemaje? Laiti ungemwona alivyosimama pale mlangoni, kifua mbele, meno yote nje! Mikono yangu ilikuwa na nguvu bado. Nikasema, ah, kaka yangu huyu, nitabeba. Nikabeba mpaka nikamzika."

Kazi ilichukua wiki tatu. Fundi alizipiga nyundo msasa ubavuni na mkiani mpaka zikakonda, akazitoa risasi zilizozidi, akaziba matundu kwa vijiti vya mbao. Kila kipande cha risasi alikitupa kwenye kopo, na mwanzoni kila mlio ulimchoma. Alipofika katikati alikuwa akimsuta marehemu kwa sauti: "Mzee wangu, si ungemuuliza tu dada yako?"

Kikabaki kibonyezo kimoja, cha mwisho kabisa kushoto. Shangazi akamshika mkono.

"Hicho kiache. Na nyundo yake, na risasi zake."

"Kitakuwa kizito peke yake, Shangazi."

"Na kiwe. Sikuwahi kugombana naye juu ya piano hii. Siku nikitaka kuanza, nijue pa kumpata."

Mtambo ukarudishwa ndani. Shangazi akaanza wimbo wa haraka, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, huyoo, vidole vikikimbia kama zamani. Fundi, mtu mzima na mvi zake mbili tatu, akaingia chini ya piano, akaketi sakafuni na kulia bila kujificha.

Wimbo ulipokwisha, Shangazi alinyoosha mkono kushoto, akakikandamiza kile kizito kwa nguvu zake zote.

"Umesikia, Sikio?" akasema. "Ilikuwa nzito."