Chokaa Kabla ya Mgeni

Tangu alfajiri Moza alikuwa amejifunga kanga puani na mdomoni, anasugua ukuta. Kitanda alikwisha kukivuta kati, dirisha wazi, na binti yake Yasmin, wa darasa la kwanza, ameketishwa uani na kikombe cha uji asije akavuta vumbi lile jeusi. Ndivyo nesi wa zahanati alivyomwelekeza: ukungu wa ukutani haufagiliwi mkavu. Ulowesheni kwa maji ya sabuni, mfute, kitambaa mkitupe. Na maji yanapotoka pazibwe, la sivyo utarudi.

Yanapotoka palijulikana. Nyuma ya ukuta ule kuna bafu la mwenye nyumba, mzee Muhidin, na bomba lake limepasuka tangu masika. Kila akiambiwa, hujibu kwamba wapangaji wa Kirumba wanapikia ndani mno, mvuke wao ndio unaootesha ukungu. Usiku Yasmin anapumua kwa filimbi kifuani.

"Mama, kitendawili," mtoto aliita, akikohoa.

"Tega."

"Anakunywa mchana na usiku, hakojoi."

Moza alishindwa, akatoa mji. Yasmin akachukua Bukoba yote, akasema ni ukuta wetu.

Moza alicheka kidogo, akachungulia barabarani. Leo bwana afya anakuja. Amemfuata ofisini mpaka walinzi wakamzoea. Akiandika tu kwamba ukuta ni mbovu, Muhidin atalazimika kuuvunja na kubadili bomba.

Lakini ukuta ulipokauka juu juu, madoa yalibaki, ya kijani na meusi. Moza akayatazama, akaona haya. Mtu mzima, tena wa serikali, utamkaribisha kwenye uchafu ule? Wangesema kwao hakulelewa. Akavuta ndoo ya chokaa iliyobaki ya Idd, akapaka, akarudia. Akatandika kitambaa cha meza, akachemsha chai ya tangawizi.

Bwana afya, Elias, alifika na Muhidin, wamekwisha kuzungumza njia nzima. Alivua viatu, akanywa chai, akaisifu. Kisha akauliza huo ukungu uko wapi.

"Upo hapo nyuma ya chokaa," Moza alisema. "Nimepaka asubuhi, nikaona mgeni anakuja."

Muhidin akaguna kwamba chumba kinang'aa kama cha bwana harusi, halafu watu wanalalamika.

"Ushike ukuta, kaka. Umelowa," Moza alimwambia Elias.

Elias aliugusa kwa kidole kimoja, akakifuta kwenye leso. "Chokaa mbichi lazima ilowe, dada. Mimi naandika ninachokiona."

Akaandika. Alipoulizwa atarudi lini, alisema mpaka mtaa upangiwe tena ukaguzi. Akaaga vizuri, akamshukuru kwa chai.

Moza aliosha vikombe. Aliviosha mara mbili. Jioni doa la kwanza lilikwisha kutokea kando ya kitanda, na Yasmin akaanza kukohoa kabla hata ya kulala. Basi Moza akakibeba kile kitanda, godoro kichwani, miguu ya mbao ikigonga korido yote, akakiweka barazani kwa mwenye nyumba, mlangoni hasa. Chandarua akakifunga kwenye nondo za dirisha lake, akamlaza Yasmin.

Muhidin alitoka na udhu wake, anawahi msikitini, akakwama.

"Moza, hapa ni mlangoni kwangu."

"Shikamoo, mzee. Ndiyo. Hapa ni pakavu."

"Marahaba," alijibu Muhidin, maana shikamoo haiachwi hewani. Akainua kanzu, akapita ubavu ubavu, polepole, asimwamshe mtoto.