Kisogo cha Wifi Yangu

Wifi yangu hapendi picha. Hata siku ya harusi yake na marehemu kaka yangu aliinamisha kichwa mpaka mpiga picha akakata tamaa, ndiyo maana kwenye picha ile anaonekana kama bibi harusi anayetafuta sindano iliyoanguka. Sasa binti mmoja wa shirika la kusaidia wakimbizi alipokuja kwenye ukumbi tunaolala sisi tuliokimbia kwetu, akauliza nani yuko tayari kupigwa picha ya kampeni, wifi akanyoosha mkono kabla binti wa watu hajamaliza kusema. Nikamgeukia. "We mwanamke, una homa?"

"Itabandikwa barabarani," akaninong'oneza. "Mtoto ataniona."

Hapo nami nikampungia yule binti, asije akampita.

Mtoto mwenyewe ni binti yao, wa pekee. Tulipokimbia kwetu tulifika mahali pa malori, watu wamejazana, kila mmoja anamsukuma mwenziwe. Mikono ya watu wema ikamnyakua mtoto mgongoni mwa mama yake, ikampandisha juu apate nafasi. Lori likajaa, likaondoka. Sisi tukapata lililofuata, nalo likashika njia nyingine. Basi, ni hivyo tu. Alikuwa hajang'oka hata jino moja la utoto. Baadaye tukasikia kwamba watoto wa lori lile waliletwa mji huuhuu, lakini mji ni mkubwa, na kila ofisi tuliyoingia ilituelekeza ofisi nyingine, mpaka viatu vyangu vikafungua midomo.

Yule binti wa shirika nilimpa jina la Miwani, maana miwani yake haikai puani, na akisikiliza shida za watu inateleza zaidi. Ana huruma, sitamsingizia. Alitueleza kwamba wanataka wenye mji wajue kuna familia zinalala sakafuni, kuna wakimbizi wanaofukuzwa kila wanapobisha hodi, kuna watoto wanaokwenda shule na njaa. Watu wakiona, alisema, wataguswa. Wifi alikuwa na swali moja tu.

"Picha zitabandikwa wapi?"

"Mji mzima, dada."

"Mwanangu akiniona atafurahi sana," wifi akasema, akacheka. Sijui ni lini nilimsikia akicheka mara ya mwisho. Miwani naye akacheka, maana alidhani mtoto yuko shuleni, atarudi jioni.

Mimi ni msusi. Ukumbini pale nimesuka vichwa vya watu wote, na malipo yangu ni sabuni au shukrani, mara nyingi shukrani. Asubuhi ya picha nilimweka wifi katikati ya magoti yangu nikamsuka mistari ya kurudi nyuma, myembamba, iliyonyooka. Nilipofika kisogoni akanishika mkono.

"Niachie kamkia."

Kamkia ni msuko mmoja tu anaouacha ukining'inia kwenye kisogo, peke yake, hauungani na mingine. Mtoto alikuwa akibebwa mgongoni anaushika, anauzungusha kidoleni, ndipo usingizi unamchukua. Usipokuwepo kamkia, hakuna kulala, ni kilio mtaa mzima. Mimi kama msusi siupendi, unaharibu kazi. Nikauacha.

Picha zilipigwa palepale ukumbini. Mpiga picha alimwambia atazame mbele, atazame pembeni, kisha asimame dirishani atazame nje. Wifi, ambaye ameishi miaka yote akizikimbia kamera, alitoa macho kama anakaguliwa na daktari. Niliona fahari, jamani. Tulihesabu tayari kwamba mtoto kapatikana.

Ubao wa matangazo wenye picha ulipowekwa kwenye njia panda, habari zilichelewa kutufikia; siku tuliyosikia tulikwenda pamoja. Wifi alivaa gauni la kuazima. Tukavuka barabara, tukainua macho.

Kilikuwa kisogo.

Kisogo cha wifi yangu, kikubwa kuliko mlango, amesimama dirishani anatazama nje. Mistari yangu yote imeonekana, na kamkia kake kamening'inia. Uso haupo. Chini wameandika: NANI ATAMFUNGULIA MLANGO? Na jina pembeni, ila si lake. Jina la mwanamke mwingine kabisa, hata katika ukoo wetu hatuna mtu wa jina hilo. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na tochi: *jina limebadilishwa*.

Wifi hakulia. Aliniuliza tu, taratibu, "Kwani nilikosea kusimama?"

Nilifika kwenye ofisi ya shirika nimeshapandwa na hasira. Sikubisha hodi. Miwani akanivutia kiti, nikakikataa.

"Uso wa mtu mmeupeleka wapi?"

"Dada, huo ndio utaratibu wetu. Mkimbizi hatuonyeshi sura yake wala hatutaji jina lake. Kuna watu wabaya. Tunawalinda."

"Mnatulinda na nani? Na mtoto wetu?"

"Mtoto gani?"

Nikamweleza mtoto gani. Miwani ikavuliwa, ikawekwa mezani. Akasema hakujua, angejua angefanya mengine, akakimbilia kwa wakubwa zake na mimi nyuma yake. Wakubwa wakasikitika vizuri tu. Mabango yameshachapwa, wakasema, lakini tutaangalia namna. Namna hiyo mpaka leo inaangaliwa.

Wifi hakusubiri namna. Kesho yake alikwenda kusimama chini ya ubao, uso barabarani. Kila siku. Alisema kama picha imekataa kugeuka, atageuka yeye. Nikamwambia watu watakuona chizi. Akasema waone, mradi waone. Bwana mmoja akamwekea sarafu miguuni. Nikaiokota, nikamkimbilia, nikamrudishia pamoja na maneno machache ambayo sitayarudia hapa.

Pale chini ya ubao hufanyia kazi fundi viatu. Siku tulizoanza kwenda hakuwepo, alikuwa anaumwa. Aliporudi alimtazama wifi mbele, akamzunguka akamtazama nyuma, akatazama juu, akapiga kofi.

"Ala! Kumbe una uso!"

"Ninao," wifi akasema.

"Basi kuna mtoto angefurahi sana. Kasichana. Walikuwa wanapita hapa na mlezi wao, wameshikana mikono, wale wa kituo cha watoto pale kona. Ubao ulipowekwa tu, kakachomoka kwenye mstari. Kakazunguka huku nyuma." Alionyesha nyuma ya ubao, kwenye mbao na misumari. "Nikakauliza, we mtoto, huko nyuma unatafuta nini? Kakanijibu, natafuta uso."

Wifi alikaa chini, hapohapo vumbini, na gauni la watu.

"Siku ya pili kakazunguka tena," fundi akaendelea, maskini, hajui anachokisema. "Nikakaambia nyuma hakuna kitu mwanangu, ni mbao tupu. Kakasema, basi labda hajageuka bado."

Tulikimbia mpaka pale kona. Geti limefungwa kwa mnyororo. Ndani alikuwepo mama mmoja anafunga magodoro, ndiye aliyekuwa mlezi. Kituo kimefungwa, akasema, watoto wamegawanywa, wengine vituo vya mbali, wengine wamepewa familia, na nikihesabu siku ni kabla wifi hajaanza kusimama pale. Nikamweleza mimi, kuanzia kwenye lori. Nilipofika kwenye kamkia yule mama aliacha kamba aliyoishika.

"Alinivuta mkono," akasema. "Akaniambia, yule ni mama yangu, angalia kamkia kake. Nikasoma jina. Nikamuuliza, mama yako anaitwa nani? Akanitajia jina jingine. Nikamwambia, unaona? Si yeye. Usiwe unasema uongo." Akajifuta uso kwa pembe ya shuka lililokuwa juu ya magodoro. "Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Baada ya hapo hakulia tena. Tukipita pale alikuwa anatazama chini."

Yale maandishi madogo hakuyaona, na ningekuwa mimi nisingeyaona. Nilitaka kumgombeza mtu, nikamkosa.

Mlezi hakuambiwa mtoto alikopelekwa, akatuelekeza ofisi inayogawa watoto. Ina viti vizuri. Karani alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza karatasi ya kuonyesha kwamba huyu ni mama wa yule. Karatasi! Tulitoka kwetu na nguo za mwilini. Basi, akasema, alikopelekwa hawezi kututajia. Taarifa za mtoto hazitolewi hovyo kwa kila anayekuja.

"Tunawalinda," akasema, kwa upole kabisa.

Wifi akaniangalia. Hilo neno tulikuwa tunalijua.

Miwani anatufuatilia hiyo kesi mpaka sasa, nasema ukweli, anakwenda kila wiki, na wiki nyingine anakwenda akiwa ameshalia njiani. Ameambiwa asubiri. Kampeni yao imekwisha, imefanya vizuri, watu waliguswa. Ukumbi umepata magodoro mapya. Ubao wa njia panda umebandikwa tangazo la sabuni.

Siku lilipobandikwa nilidhani wifi ataacha. Asubuhi akaja akakaa katikati ya magoti yangu, kama siku ile.

"Mistari ya kurudi nyuma," akasema. "Na kamkia."

Nikasuka. Macho yalinisumbua, nikarudia mstari mmoja mara mbili. Tukaenda njia panda. Fundi akatusogezea kigoda. Wifi hakukaa. Alisimama mahali pake pa siku zote, halafu akageuka, akaipa barabara kisogo, akawa anatazamana na sabuni.

"Wifi," nikamwambia, "umeelekea ubaoni. Utamwonaje?"

"Uso wangu labda ameshausahau," akasema. "Huku ndiko anakonijua."

Basi yeye anasimama hivyo, na mimi nasimama kando yake nimeelekea barabarani. Kila mtoto wa kike anayepita namtazama kichwani mpaka miguuni. Wifi hageuki. Ananiuliza tu, kila nyayo ndogo zikipita nyuma yake, "Ndiye?"

Namwambia, "Bado, wifi. Usigeuke."