Meza ya Dirishani

"Macho ya shemeji yamechoka," baba mdogo alimwambia mteja, huku akiikunjua ile suruali nyeusi iliyoshonwa kwa uzi wa buluu. "Sasa apumzike." Mama alikuwa pale pale kwenye kona yenye giza, akivitazama vidole vyake. Nilichukua daftari langu, nikatoka.

Mama hakuwahi kukosea rangi ya uzi. Miaka yote alishonea dirishani, hapo dukani kwetu. Baba alipofariki, mdogo wake akaja na kiti kimoja, eti apate pa kupumzikia. Nani angemnyima mtu kiti? Kikafuata kimeza cha kutengenezea simu. Kisha kabati la vioo. Kisha akaomba meza ya mama isogee kidogo tu, na mama, kwa haya zake, akaisogeza. Ikasogea tena na tena mpaka ikagota ukutani.

"Mambo hubadilika yenyewe, mwanangu," mama aliniambia nilipolalamika. "Polepole. Utamshika nani?"

Alasiri ya siku hiyo hiyo ya suruali nilikuwa darasani, najifunza Kiingereza. Mwalimu aliandika ubaoni neno gradual, la mambo yanayobadilika polepole, akasema asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya hatua. Wenzangu wakanakili. Mimi nilibaki na kalamu mkononi. Hatua. Basi hakuna kinachobadilika chenyewe. Kila hatua ina mguu, mguu una mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa anakunywa chai yetu kila asubuhi.

Sikumaliza somo. Nilirudi dukani, nikamkuta baba mdogo amekaa dirishani, bisibisi mkononi, jua lote la jioni likimwangaza yeye.

"Baba mdogo, meza ya mama inarudi hapa."

Akacheka. "Mbona unanijia juu? Mambo haya yalikuja taratibu tu, hakuna aliyekusudia."

"Yalikuja kwa miguu yako. Kiti ulikibeba wewe. Kabati ulilibeba wewe. Mwanga wa mama umeuchukua wewe, halafu unayasingizia macho yake."

Akamgeukia mama, akingoja anikemee kama siku zote. Mama aliweka mkasi chini, akashika ncha ya meza.

"Shika huko," akaniambia.

Tukaibeba mpaka ikamgusa magoti.

"Shemeji," mama akasema, kwa sauti ile ile anayopokelea wateja, "inuka."

Akainuka. Mama akakaa, akaulowesha uzi mweusi mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja. Kisha akaivuta ile suruali, akaanza kuifumua.