Rufaa ya Nurdini

Darasani kwao, mtu akichelewa haambiwi amechelewa. Anaambiwa, "Umefanya Nurdini." Ukikuta wali umekwisha kantini, Nurdini. Ukiachwa na basi la chuo, Nurdini. Ni jina la kesi ya ardhi waliyoikariri wote: mzee wa vilima vya Kondoa alinyang'anywa shamba, akakata rufaa nje ya muda, ikatupwa bila kusikilizwa. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Mnyonge huchelewa, mwenye nguvu hungojwa.

Asma alicheka pamoja na wenzake. Hakumwambia mtu kwamba Nurdini alikuwa babu yake, wala kwamba marehemu alikuwa ameanza kuhudhuria vipindi.

Mzee alikaa kiti cha nyuma, kanzu imejaa vumbi jekundu, viatu kavishika mkononi. Hivyo ndivyo alivyokwenda maofisini enzi zake: peku njia nzima, viatu avivae mlangoni. Darasa likicheka, alimtazama Asma peke yake.

Usingizi ukamhama Asma. Chakula kikawa mchanga kinywani. Siku mikono iliposhindwa kushika kalamu, Sidonia, aliyekaa naye chumba kimoja mtaani Mkonze, alimkokota hadi zahanati.

"Presha juu, tumbo tupu," nesi alisema. "Mwanangu, unasomea sheria au unasomea kaburi?"

"Ni mitihani tu, mama."

"Mitihani naijua, wanangu wameifanya. Dawa nitakupa, ule, ulale. Lakini hicho unachokimeza badala ya chakula, kiteme. Kitakuua."

Kesho yake mwalimu alikuwa katikati ya somo mwanafunzi mwenzao, Sostenes, alipotokea mlangoni, anahema.

"Nurdini huyo!" darasa likalipuka. Hata mwalimu alitabasamu.

Kule nyuma, mzee aliinama akaanza kuvaa viatu.

Asma alisimama.

"Nurdini ni babu yangu."

Kicheko kikakatika.

"Hakuchelewa. Alifuata nakala ya hukumu mahakamani tangu mapema, ili akate rufaa. Wakamwambia njoo kesho. Akaenda kesho, wakamwambia njoo kesho. Siku zake mmezihesabu zote. Hizo kesho zao, nani kazihesabu? Alikufa akiuliza hivyo, na mimi nimekaa hapa nikimcheka."

"Asma," mwalimu alisema taratibu, "hilo halimo kwenye hukumu."

"Ndiyo maana nalisema, mwalimu."

Alipogeuka, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Mchana Sidonia alimsogezea ugali na mlenda. Tonge la kwanza lilishuka kwa shida. La pili likashuka. Sostenes akaja na sahani yake, macho chini.

"Nisamehe, dada. Sikujua." Akasitasita. "Yule mzee niliyempisha pale mlangoni, ni wa kwenu?"

Tonge lilibaki mkononi.

"Alikuwa amevaa viatu?"

"Kavaa. Tena anatoka polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote."

Asma alimeza, akakata tonge jingine.