Maua Yanayotazama Barabara

Kutoka barabarani, nyumba ya Kamanthe ilikuwa harusi isiyokwisha. Bogenvilia ilikuwa imepanda hadi juu ya paa na kumwaga maua mekundu upande wa nje, na kila aliyepita hapo Katelembo alisema mwanamke huyo amependwa. Upande wa ndani hamkuwa na ua hata moja. Mlikuwa na fito kavu, miba, na giza la saa nane mchana.

Levi, mumewe, aliipanda wiki ya harusi yao, mwaka wa tisini na saba, kisha akaenda Mombasa kutafuta kazi. "Isiguswe mpaka nirudi," aliagiza. Miaka minne ikapita. Kamanthe alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo wageni walinywa chai kwa zamu kwa uhaba wa vikombe. Sasa alisikia vicheko vya watu njiani bila kuona nyuso zao. Ndunge, mama mkwe aliyeishi naye, ambaye yeye alimwita Mwaitu, yaani mama, alililinda agizo la mwanawe kama askari wa benki.

Siku moja Mutanu, rafiki yake auzaye miche, alipenya langoni akichomoa miba kwenye leso.

"Wewe, hii ni nyumba ama zizi?"

"Ni ya Levi. Haikatwi."

"Basi atakuta imekumeza. Dada, maua haya hutoka kwenye tawi jipya. Hilo kuukuu liko na nini? Miba na maringo! Kata, bakisha macho mawili matatu ya kuchipua, mvua ya Novemba iikute hivyo."

"Mwaitu atasema namfukuza mwanawe."

"Kwani yuko?"

Swali hilo lilimnyima Kamanthe usingizi wiki nzima. Jumamosi, Ndunge alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, Kamanthe alichukua panga na makasi aliyoazimwa na Mutanu. Kufikia adhuhuri jua lilikuwa limeingia mpaka jikoni, likaonyesha vumbi la miaka. Kisha akavitazama vigutu vilivyobaki, akaogopa.

Ndunge alirudi, akasimama langoni, akaingia ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya simu. Kila mwezi, baada ya ibada, Levi alipiga dukani kwa Muli. Ndunge alipokea, na sauti ya mwanawe ikasikika hadi kwenye mizani ya sukari.

"Bogenvilia yangu inaendeleaje?"

Ndunge alimtazama Kamanthe. Kamanthe alitazama mikono yake iliyochanikachanika.

"Imekatwa."

"Nani ameikata?"

"Mimi," Ndunge alisema. "Nilichoka kukaa gizani. Haya, sema na mkeo."

Kamanthe aliupokea mkono wa simu. Angeweza kuuliza habari za Mombasa, na mambo yangeishia hapo.

"Mwaitu ananifichia, Levi. Niliikata mimi. Na mwakani nitaikata tena."

Muli aliacha kupima sukari. Kamanthe alingoja jibu la Levi, simu sikioni.