Sauti ya Inspekta Karov

Ognyan Velchev alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, tamthilia ya polisi aliyoigiza kama mhusika mkuu miaka mingi ilikuwa bado inaendelea, na Inspekta Karov, ambaye Bulgaria nzima ilimjua kwa koti lake lililochakaa, akabaki hana mtu wa kumwigiza. Watunzi wakaamua naye afe: apigwe risasi bandarini Varna, asionekane, na msaidizi wake apate habari kwa simu.

Msaidizi huyo aliigizwa na Nevena. Aliposoma mswada aliona umemtendea marehemu kwa heshima. Hapakuwa na maiti ya bandia, wala mtu wa kuvishwa koti lake. Yeye alitakiwa tu kukaa mezani, kupokea simu, kusikiliza na kuikata. Siku ya kurekodi alimshukuru mwongozaji, Bozhidar, kwa onyesho lisilo na makelele. Bozhidar akamwambia asiigize sana, asikilize tu.

Kamera zikawashwa. Simu ikalia. Nevena akaiweka sikioni akitegemea kimya.

“Nimechelewa, mpenzi,” alisema Ognyan. “We kula tu, usiningoje. Ila hiyo banitsa ya jibini nibakizie kipande cha pembeni, kile kilichokauka.”

Nevena aligeuka akatazama mlango, kana kwamba mwenye sauti yuko ukumbini anavua viatu.

“Ognyan?” akasema, akalisahau kabisa jina la Karov. “Ognyan, uko wapi?”

Simu ikamponyoka. Watu wa taa na vipodozi walisimama kama waliomwagiwa maji. Bozhidar, macho yamemlowa, akasema wameipata, hakuna haja ya kurudia. Nevena alipomuuliza sauti ile kaitoa wapi, alijibu tu kwamba kama angemwonya mapema, uso ule asingeupata.

Nevena alivua beji yake ya polisi akatoka. Aliyemjia akilini ni Radostina, mjane wa Ognyan. Mwanamke yule akiwasha televisheni na kukutana na sauti ya mumewe bila kuonywa, si ataanguka hapo hapo?

Radostina alimfungulia akiwa na unga mikononi. Nevena akamweleza yote pale pale mlangoni, akaapa kwamba kipande kile lazima kifutwe.

“Kiache, mdogo wangu,” alisema Radostina. “Sauti hiyo niliwapa mimi.”

“Wewe? Uliipata wapi?” Nevena akauliza.

“Ndiyo sauti yake ya mwisho, aliniachia kwenye simu. Nimeisikiliza peke yangu msimu wote wa baridi. Watu wanakuja, wananipa pole, wanakula, wanaondoka. Nilitaka mtu mmoja tu impate kama ilivyonipata mimi.”

“Na ulijua hawataniambia?”

“Nilimwomba Bozhidar asikwambie. Wewe ulimpenda kama kaka yako. Nani mwingine ningempa?”

Nevena alimpa mgongo. Alishuka ngazi bila kuaga, na alipofika barabarani ndipo alipogundua bado amevaa sare ya polisi na wapita njia wanampisha.

Onyesho lilirushwa vile vile, na jina la Ognyan alilolitamka halikufutwa. Magazeti yalimsifu Nevena kuliko alivyowahi kusifiwa. Alimaliza mkataba wake bila kusema na Bozhidar lolote lisilo la kazi, na msimu uliofuata hakurudi. Kwa Radostina alikwenda, lakini ilibidi kiangazi kiishe kwanza. Walikaa jikoni muda mrefu, na Nevena ndiye aliyeomba kuisikia tena ile sauti.